Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wakazi: Anayetoa taarifa arudishiwe jibu

Ndugu wanachama,

Nawashukuru nyote mliofika, na hasa mliotoka zamu ya doria alfajiri ya leo mkaja moja kwa moja hapa bila kulala. Mhazini atasoma hesabu baada yangu na wakaguzi wamekwisha kuzipitia, kwa hiyo mimi sitazigusa. Nitazungumzia ulinzi shirikishi na uhusiano wetu na polisi wa mji huu, kwa sababu ndiko nguvu zetu zilikokwenda, ndiko tulikopiga hatua, na ndiko tulikoteleza vibaya.

Kwenye mkutano mkuu uliopita malalamiko yenu yalikuwa mengi, lakini ukiyachuja linabaki moja. Mtu anaibiwa, anakwenda kituoni, anaandikisha, anapewa namba, anarudi nyumbani, halafu kimya. Akienda kuuliza anaambiwa mpelelezi yuko nje. Akirudi wiki nyingine anaambiwa askari aliyeshika jalada lake amehamishwa. Safari ya tatu haendi. Na siku jirani yake akivunjiwa, yeye ndiye wa kwanza kumwambia asijisumbue. Mtaa unanyamaza hivyo, nyumba baada ya nyumba. Kibaya zaidi, mtaa ukinyamaza, kitabu cha taarifa kituoni kinaonyesha hali ni shwari, na askari wachache waliopo wanapelekwa kwingine.

Kamati ililipeleka jambo hili kwa mkuu wa kituo. Tuliomba kitu kimoja tu: kila aliyeandikisha taarifa apigiwe simu ndani ya wiki mbili, hata kama cha kumwambia ni kwamba hakijapatikana kitu. Alikubali kulijaribu kwa mtaa wetu, na askari wa eneo letu akakabidhiwa kazi hiyo. Nasema mbele yenu kwamba ameifanya. Kuna wiki alipangiwa kazi nyingine na simu hazikupigwa, nasi tulimkumbusha. Mwanachama mmoja aliyeibiwa sanduku la vifaa vyake vya kazi aliniambia kwamba vifaa hajavipata mpaka leo, ila ile simu ilimfanya aone kuwa shida yake imo mikononi mwa mtu. Huyo huyo ndiye aliyetoa taarifa, miezi michache baadaye, ya vijana waliokuwa wakijaribu komeo za mageti usiku. Asingepigiwa simu ile ya kwanza, ya pili asingeipiga yeye.

Kwa hiyo kituo kikituambia kwamba taarifa kutoka kwetu zimeongezeka, msishtuke, wala msiseme ulinzi shirikishi umeleta wezi. Mimi naona watu wameanza kusema yale waliyokuwa wakiyameza.

Wengi wenu mmeniandikia mkitaka gari la polisi lipite mara nyingi zaidi. Nawaelewa, mimi pia nikisikia mlio wake usiku nageuka upande wa pili nalala. Lakini jambo hili lilikwisha kupimwa. Kati ya Oktoba 1972 na Septemba 1973, polisi wa Kansas City huko Marekani waligawa maeneo 15 ya doria katika makundi matatu. Kundi moja waliliachia doria ya kawaida, la pili wakaliongezea magari mara mbili hadi tatu, na la tatu wakaliondolea doria ya kawaida kabisa, askari wakiingia pale tu walipoitwa. Walipolinganisha, hawakuona tofauti ya maana, si katika uhalifu, si katika hofu ya wananchi. Miaka michache baadaye, mji wa Newark, huko huko Marekani, ukajaribu doria ya miguu. Uhalifu haukupungua kwa kiasi cha kujivunia, lakini wakazi walijiona salama zaidi na wakawatazama polisi wao kwa jicho jema. Gari linapita. Askari anayetembea anasimama, anasalimia, anajua mzee wa kona ile anaumwa na kwamba nyumba yenye geti la bluu wenyewe wamesafiri.

Ndiyo maana kamati haikuomba magari. Iliomba askari mmoja atembee nasi jioni mbili kwa wiki, na asibadilishwe kila mwezi. Jioni hizo tumezipata. Hilo la kutobadilishwa tumeahidiwa kwa mdomo tu, na nataka tulipate kwa maandishi.

Sasa niwasimulie habari ya nyumba moja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mama yetu mmoja, mjane anayeishi peke yake, alivunjiwa dirisha la jikoni. Nilipofika asubuhi nilimkuta ameshafagia vioo, amepiga deki, amefuta ukingo wa dirisha kwa kitambaa chenye sabuni. Aliniambia hakutaka askari waikute nyumba yake chafu. Askari alipofika alichuchumaa pale dirishani kwa muda, akainua kile kitambaa, akakirudisha taratibu. Alama za vidole zilikuwa zimekwenda na maji. Hakumlaumu hata kidogo, na nilimheshimu kwa hilo. Nje tu, kwenye udongo chini ya dirisha, palibaki unyayo nusu wa kiatu, na huo aliupiga picha. Nawaomba basi: ukivunjiwa, toka nje, funga mlango, ita polisi, usiguse kitu. Aibu ya vumbi haipo siku hiyo.

Wiki tatu baadaye wezi wakarudi nyumba ile ile, dirisha lile lile.

Watu walishangaa. Wajuzi wa kazi hii hawashangai. Aliyeingia mara ya kwanza amekwisha kujua njia, anajua mbwa hayupo, anajua mwenye nyumba atanunua kipya badala ya kile kilichoibwa. Mwaka 1986, katika makazi ya Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, polisi na wenzao waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa kwenye hatari kubwa ya kuvunjwa tena kuliko nyumba nyingine. Wakaacha kutawanya nguvu mtaa mzima, wakazielekeza kwa waliokwisha kuibiwa. Waliimarisha milango na madirisha, wakaondoa mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu zilizokuwa zikiwavuta wezi, wakawapanga majirani wachache wa karibu wawe macho ya nyumba ile. Uvunjaji ulipungua kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza.

Tumefanya vivyo hivyo kwa uwezo wetu. Nyumba ya mama huyo ilitiwa nondo na fundi ambaye ni mwanachama wetu, hakutaka malipo. Majirani wanne wanaozunguka uwanja wake wamepeana namba za simu, na mmoja wao, binti wa shule, hupita kila jioni kumgongea. Wezi hawajarudi. Siwezi kuwaapia kwamba ni kwa sababu ya nondo au ya binti, lakini mama analala. Kuanzia sasa, nyumba yoyote ikivunjwa, kamati itafika siku hiyo hiyo na fundi, wala haitasubiri kikao cha mwezi.

Nafika kwenye lile lililoninyima usingizi mimi.

Mnajua kwamba kwenye kundi letu la simu ilisambazwa picha ya kijana aliyesimama karibu na ukuta wa nyumba moja, na chini yake maneno kwamba huyu ndiye mwizi wetu. Hakuna aliyeuliza imepigwa na nani wala lini. Ilipofika usiku ilikuwa imekwisha kuvuka mitaa mitatu. Kesho yake jioni, wawili wa kikosi chetu cha doria walimkamata. Mmoja alimpiga kofi. Walimkalisha chini kwenye mataa karibu saa nzima, watu wakimpiga picha, kabla ya mtu yeyote kukumbuka kuwaita polisi.

Kijana alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake aliyepanga nyumba ya uani. Alisimama ukutani akisubiri afunguliwe.

Siku iliyofuata alikuja kwangu na mama yake. Mama hakupaza sauti. Aliweka simu mezani, akanionyesha ile picha, akaniuliza ni nani atakayeifuta kwa kila aliyeipokea. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Niliomba radhi kwa niaba ya jumuiya, na narudia hapa mbele yenu ili iingie kwenye kumbukumbu za mkutano: tulimkosea kijana yule, tulimkosea mzazi wake. Aliyepiga kofi ameondolewa kwenye doria, na alikwenda na familia yake kuomba msamaha. Familia ya kijana ilipeleka jambo hilo polisi pia, kama ilivyo haki yao, na kamati iliwapa majina ya waliokuwepo bila kuficha.

Wapo waliosema namwonea mwenzetu anayekesha kwa ajili yetu. Najua anakesha. Nimekesha naye. Lakini doria kazi yake ni kuona, kupiga filimbi, kuita, na ukilazimika kumzuia mtu, kumkabidhi kwa polisi mara moja bila kumgusa zaidi ya inavyolazimu. Mtuhumiwa hajawa mhalifu. Hilo huamuliwa mahakamani, si kwenye mataa. Tunawadai polisi waturudishie majibu tukiwapelekea shida zetu. Basi na sisi tunadaiwa jibu na kila tuliyemsimamisha njiani: tumekusimamisha kwa nini, sisi ni nani, na ukiona umeonewa ulalamike wapi. Kamati imetayarisha vitambulisho vya doria vyenye namba nyuma, pamoja na daftari ambamo kila aliyesimamishwa ataandikwa saa, mahali na sababu. Daftari hilo litasomwa na mtu asiye wa kikosi.

Mengine niyapitie haraka. Taa za uchochoro wa nyuma ya shule zinawaka, isipokuwa moja. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika. Kikao cha pamoja na madereva wa pikipiki kilivunjika kabla ya kuanza, na kosa lilikuwa letu. Tuliwaita kama watuhumiwa badala ya majirani. Tutawaita upya.

Baada ya hesabu nitaomba mkutano uamue mambo matatu. La kwanza, kwamba picha ya mtu yeyote anayeshukiwa isiwekwe kwenye kundi la jumuiya, ipelekwe kwa askari wa eneo au kwa katibu, na atakayekiuka aondolewe. La pili, kwamba tumwandikie mkuu wa kituo kuomba makubaliano ya maandishi kuhusu simu za majibu na askari wa kudumu. La tatu ni daftari la doria. Nawaombeni msome rasimu yake kabla ya kupiga kura, nakala ziko mezani kwa katibu.

Mama wa yule kijana nilimwalika leo. Amekuja, amekaa safu ya nyuma karibu na mlango. Ameomba kusema kabla ya kura ya kwanza, na nimemkubalia.