Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa wanangu wa mpira

Wanangu wachezaji, walimu wenzangu wa mpira, wazazi na walezi, nawasalimu nyote katika furaha ya Krismasi. Ninyi ambao sikukuu hii si ya imani yenu, pokeeni salamu hizi kwa upendo uleule. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha leo, maana wapo tulioanza nao mwaka na hatunao tena.

Mmoja wao ni mwalimu wangu. Ndiye aliyenizoesha kutazama nyuma yangu kabla mpira haujanifikia. Ndiye aliyenitoa kwenye ushambuliaji akanirudisha beki ya kulia, nikanuna wiki nzima, kumbe mwenzangu ameshaona nisichokiona. Alipougua nilijiahidi kwenda kumjulia hali ligi ikisimama. Ligi ikasimama, nikasema nipumzike kwanza. Nilifika siku ya kumzika. Pale makaburini mchezaji wangu mmoja, kijana mwema kabisa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu mzee alikuwa nani?" Sikumkasirikia. Miaka yote niliyomfundisha sikuwahi kumtajia jina lake.

Ndiyo maana nasita nikisikia kwamba vijana wa leo hawaheshimu makocha wa zamani. Wenye dharau wapo, siwatetei. Mtu ametazama klipu mbili tu, tayari anamwona mwenye filimbi na mvi kuwa amepitwa na wakati. Lakini wengi hawajui, na hakuna aliyewasimulia. Januari 2024, ndani ya siku 3, walifariki Mario Zagallo wa Brazil na Franz Beckenbauer wa Ujerumani, watu waliotwaa Kombe la Dunia wakiwa wachezaji, kisha wakalitwaa tena wakiwa makocha. Wiki ile nilimtaja Zagallo mazoezini. Walinitazama tu.

Basi niwaambie. Kule kukabia juu mnakokupenda, yaani kumbana mpinzani hukohuko kwenye nusu yake, Uholanzi ya kocha Rinus Michels ilikuwa ikiwavamia watu hivyohivyo kwenye Kombe la Dunia la 1974. Michels alimfundisha Johan Cruyff, na Cruyff, naye akiwa kocha, ndiye aliyempa Pep Guardiola, ambaye baadaye akawa kocha maarufu, mechi yake ya kwanza ya ligi pale Barcelona, mwaka 1990. Kocha Carlo Ancelotti alikuwa kiungo kwenye timu ya kocha Arrigo Sacchi, Milan ilipobeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Na Sacchi mwenyewe hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Kwetu Afrika, Charles Gyamfi aliipa Ghana Kombe la Mataifa 1963, 1965, na tena 1982. Stephen Keshi alilinyanyua akiwa nahodha wa Nigeria 1994, akalirudia akiwa kocha 2013. Alifariki 2016, ana miaka 54 tu.

Wanangu, waulizeni wangali hai. Yule mzee anayekaa pembeni ya uwanja kila jioni, nendeni mkamwamkie, mkamuulize enzi zake winga mwenye mbio alikabwaje. Akiwakosoa, nyamazeni mpaka amalize. Ukitolewa dakika ya 60, mpe mwalimu mkono kabla hujakaa benchi, hata kama moyo unachemka. Na sisi makocha tujirudi! Tunafundisha zoezi la mtu miaka 20 kana kwamba tumelibuni wenyewe, halafu tunalalamika kwamba vijana hawana adabu. Watajieni vijana majina ya waliowafundisha ninyi. Mwenye mwalimu mgonjwa aende wiki hii hii, asingoje ligi isimame kama nilivyongoja mimi.

Nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, mwaka wa afya, amani na baraka tele. Majeruhi Mungu awaponye. Mnaosubiri usajili, milango ifunguke. Mazoezi yakirejea, kila mmoja aje na jina la mtu aliyemfundisha kupiga pasi. Nitaanza mimi, kwa kulitaja la kwangu.

Mwalimu wenu