Huyu rafiki wa mahakama ni rafiki wa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee huyu jamaa mnayemtaja kila kesi kubwa ikifika Mahakama ya Juu, "rafiki wa mahakama". Huyo ni mtu ama shirika lisilo mhusika wa kesi, linaloingia kuisaidia korti kwa hoja za sheria. Mnamtaja tu halafu mnakimbilia majaji, sasa msomaji anabaki akidhani ni mtu wa kunywa chai na Jaji Mkuu.

Jina limetoka Kilatini, amicus curiae, na hiyo amicus ni shina moja na amare, kupenda. Wahispania na Wareno wakabaki na amigo, Waitaliano amico, Wafaransa ami, na ukiikanusha unapata inimicus, adui, ndio Mfaransa akasema ennemi. Lakini kwa Warumi wenyewe haikuwa mapenzi tu, wafalme wa nchi ndogo walikuwa wanapewa cheo cha rafiki wa watu wa Roma, na hata Pilato kwenye Yohana 19 anatishwa kwamba akimwachilia Yesu yeye si rafiki wa Kaisari. Urafiki wa maslahi huo, tusidanganyane.

Hapa Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 22, inaruhusu mtu ama shirika lenye ujuzi maalum kuingia kesi za haki kama rafiki, korti ikikubali, na kifungu cha 156 kinampa Mwanasheria Mkuu nafasi hiyo kwa kesi za madai zisizohusu serikali. Kesi ya urais ya 2013 Mwanasheria Mkuu akakubaliwa, Chama cha Mawakili kikakataliwa, na mimi hiyo mpaka leo haijaniingia. Halafu 2015, kesi ya Mumo Matemu, ile ya kupinga uteuzi wake kuongoza tume ya kupambana na ufisadi, Mahakama ya Juu ikasema wazi rafiki asiegemee upande, abaki kwa hoja za sheria na asirudie yale wahusika washasema.

Marekani ni soko kabisa, kesi ya Obergefell ya 2015, ile ya ndoa za jinsia moja, marafiki walileta maandishi ya hoja karibu 150, lakini angalau kanuni ya 37 ya korti yao kuu inataka wengi wao waseme kama wakili wa upande mmoja aliandika ama nani alitoa pesa.

Kwa hivyo Mhariri mkiripoti tena ongezeni hata sentensi moja tu, huyo rafiki anaitwa nani, ametoka shirika gani na nani anamlipa, hapo ndio tutajua kama hoja zake ni za korti ama za aliyemtuma.

Msomaji wenu,
Nakuru