Harambee ya Bwawa la Mchanga: Mwaka Huu Tunachangia Vipimo, Saruji Baadaye

Kwa wazee wetu, akina mama wa mwethya (kikundi cha kusaidiana kazi), vijana wa bodaboda, na ninyi wana wa nyumbani mlioko Nairobi, Mombasa, Doha na kwingineko: salamu kutoka Makueni.

Kamati ya kikundi chetu inawaalika kwenye harambee Jumamosi ya mwisho ya Agosti, uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa nne asubuhi. Tunatafuta shilingi 450,000. Fedha hizo hazitanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Ni za kupima mto, kuchora ukuta na kulipia vibali. Tunajua inavyosikika. Barazani tumekwisha kuulizwa kama sasa tunachangisha karatasi, na aliyeuliza alipigiwa makofi.

Bwawa la mchanga mnalijua. Ukuta wa mawe na zege unajengwa kukingama mto wa msimu, ukiwa umekaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unashuka na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki katikati ya chembe zake. Mchanga mzuri, ule wa chembe kubwa, unaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake na zaidi. Jua la Septemba halimalizi maji yaliyojificha mita moja chini, mbu hawapati pa kuzaliana, ng'ombe hawayakanyagi. Yanachotwa kwa kisima kifupi chenye pampu ya mkono. Ukambani kuta za namna hii zilikuwapo tangu miaka ya 1950, kwa hiyo hakuna anayewaletea jambo geni. Na visima virefu vya kuchimba kwa mashine, kama wengi mlivyoonja wenyewe, mara nyingi huku kwetu hutoa maji ya chumvi.

Kilichobadilika ni mvua. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na kati ya hiyo mitatu ilikuwa ya vuli, msimu ambao Mkamba anautegemea kwa pojo, kunde na mtama wake kuliko masika. Halafu ikaja El Niño mwishoni mwa 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Kupanga kwa ajili ya tabianchi hii ni kupanga kwa ajili ya hayo yote mawili: mto usio na tone kwa miaka miwili, na mto uleule ukipita juu ya kingo zake kwa usiku mmoja.

Kuna ukuta mmoja ambao hatutasema ni wa nani wala uko wapi. Ulijengwa kwa moyo safi na saruji nyingi. Mafuriko yalipokuja hayakuuvunja, yaliuzunguka. Mabawa yake, yaani sehemu za pembeni zinazoingia kwenye kingo, yalikuwa mafupi, maji yakala ukingo, na sasa ukuta umesimama mzima kabisa huku mto ukipita kando yake. Watu walichanga kwa ajili ya ukuta ule. Hatutaki kuwafanyia ninyi hivyo.

Kwa hiyo vipimo. Mto ukiwa mkavu, mhandisi na vijana wetu watatembea na nondo na nyundo, wakizipiga mchangani kila baada ya hatua chache, ng'ambo hadi ng'ambo, mpaka nondo igonge mwamba. Panapoonyesha mwamba uko juu na umeungana kutoka kingo hii hadi ile, ukuta unaweza kukaa. Penye ufa, maji yatavuja chini na tutakuwa tumezika pesa. Watapima pia alama za mafuriko kwenye miti na kingo, ili njia ya kumwagia maji iwe pana ya kutosha na mabawa yaingie ndani ya ardhi ngumu. Wazee watakaa nao, kwa maana hakuna mtaalamu anayejua maji ya 1997 yalifika wapi kama anavyojua mzee aliyekuwa akilima pale.

Mpango hauishii mtoni. Shamba lisilo na matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, huleta tope, na tope likijaa nyuma ya ukuta hunywa maji lakini halikurudishii. Ndiyo sababu mchoro utaonyesha pia mashamba ya juu yanayohitaji matuta na majani ya nepia kabla ukuta haujainuka. Mafundi wa zamani hawakupandisha ukuta wote kwa mpigo. Waliinua kidogo, wakangoja mvua, wakainua tena, ili mchanga mzito ubaki na tope jepesi lipite juu. Tutataka hilo liandikwe. Vilevile tutaandika kanuni za mchanga wenyewe. Kaunti yetu ina sheria ya kuhifadhi mchanga tangu 2015, lakini malori ya kwenda kwenye ujenzi mijini huja usiku, na bwawa la mchanga lisilo na mchanga ni ukuta tu.

Majirani wa chini wameuliza kama tutawafungia maji. Swali ni halali. Ukuta hubakiza sehemu ndogo tu ya maji ya msimu, mengine hupita, lakini tumewaomba watoe watu wawili waingie kwenye kamati na wawepo siku ya kupima.

Sasa kuhusu saruji. Makueni ni miongoni mwa kaunti tano za kwanza Kenya kuanzisha hazina ya tabianchi, pamoja na Wajir, Garissa, Isiolo na Kitui, na ulipokuja mpango wa FLLoCA, wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na wenyeji, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, kamati za wadi zilipewa nafasi ya kupendekeza miradi. Huko nje nchi tajiri ziliahidi Copenhagen mwaka 2009 dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 za kuzisaidia nchi maskini kukabili tabianchi, lakini zilifikisha kiasi hicho 2022. Kenya inachangia chini ya sehemu moja kwa mia ya hewa chafu ya dunia, kwa hiyo hatuoni haya kuomba tunachostahili. Ila tumejifunza jambo moja chungu: fedha hizi hazimfuati mwenye kiu, zinamfuata mwenye faili. Bila ripoti ya maji, mchoro, kibali cha WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) na barua ya NEMA (mamlaka ya mazingira), ombi letu litakuwa hadithi kama lilivyokuwa mbele ya kamati iliyopita.

Sehemu kubwa ya pesa itaenda kwa mhandisi na mpimaji, kisha vibali. Mwethya itatoa kazi ya mikono na chakula, hiyo hatuombi. Stakabadhi zote zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu, na ikibaki shilingi itafungiwa kwa ajili ya saruji. Na nondo zikituambia hapa hapafai, hatutajenga. Tutawaambia hivyo na kuwaonyesha mahali pengine, au tutakiri kwamba mto wetu unataka kitu kingine.

Mlio mbali, tumeni kwenye akaunti ya kikundi iliyosomwa barazani na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Usitume kwa simu ya mtu, hata akiwa mwenyekiti. Walio karibu walete kuku, mbuzi, maembe au debe la mbaazi. Mnada utaanza saa saba, baada ya wageni kula. Mwenye nondo ya mita tatu au nyundo nzito tunaomba atuazime wiki ya kwanza ya Septemba, kwa sababu ikifika Oktoba mto huenda usingoje.

Wenu,
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa niaba ya kikundi