Shukrani kwa mzee wa foleni ya Kamanga

Kwa yule mzee wa kofia ya bluu pale kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini: asante sana, Mungu akuzidishie. Hilux yangu ya injini ya dizeli aina ya 3L ilikuwa inapigwa stata hadi betri inachoka, na fundi alishabadilisha plagi za kupashia joto, akataka kushusha pampu. Wewe ulibonyeza tu pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Ikawaka papo hapo. Kisha ukapapasa mpira unaotoka kwenye tenki: ufa mwembamba chini ya klipu, mkavu kabisa. Haumwagi dizeli, unavuta hewa, na gari likilala dizeli inarudi tenki. Ukakata kipande kibovu, ukakaza, ukakataa hata hela ya soda! Siku hizi inaitika stata ya kwanza. Tukionana, sato juu yangu.