Kaka, Hesabu Ile Ilikuwa Sahihi

Kaka yangu,

Nimesikia kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja kwamba unasema niliuua mchezo kwa kitabu. Sikujibu mara moja, kwa sababu maneno yakipita midomoni mwa wengine hupotoka njiani, na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Lakini sasa watu wanaotaka kuujaribu Pathfinder, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi, kanuni na dadu, na makundi yao wananiuliza kama ni kweli kwamba mfumo ule huwagombanisha marafiki, na jibu lao siwezi kulitoa bila kusema na wewe kwanza.

Naanza na haki yako. Wewe ndiye uliyetuzoesha hadithi. Zile falme ulizotubunia taa zikiwa zimezimwa, ukituuliza tunapita mlango upi na ukingoja kweli tujibu, ndizo zilizonifanya nitafute michezo ya namna hii nilipokua, na hadi leo sijakaa na mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayesimamia kanuni, awezaye kumpa sauti mlinzi wa lango kama ulivyokuwa ukimpa wewe. Nakubali pia kwamba mfumo niliouchagua ni mzito. Toleo la pili la Pathfinder lilipotoka mwaka 2019, kitabu chake kikuu cha kanuni kilikuwa na kurasa 640, na mkutano wetu wa kwanza wote uliishia katika kuunda wahusika: asili ya kila mmoja, maisha yake ya awali, kazi yake, kisha vipaji vyake. Ulisema siku ile kwamba kwa muda ule zamani tungekuwa tumeshavuka msitu na kurudi. Ni kweli, tungekuwa tumevuka.

Ulitaka niwape watu wahusika waliokwisha kuandaliwa, na wapo wengi wanaoshauri hivyo. Nilikataa, na ningekataa tena, kwa sababu mtu asiyejua nambari yake ilitoka wapi hawezi kuitetea mezani. Mhusika wako alikuwa na nyongeza ya 9 ya kujumlishwa na dadu katika kupiga upanga: nne za nguvu zake, nne za ubingwa wa mpiganaji, na moja ya ngazi yake. Ungekaa nasi tukiijenga badala ya kuniachia karatasi nikujazie, ungejua kwamba hakuna mwingine pale mezani aliyekuwa na mkono mzito kama wako, na pengine usingeona kwamba mfumo unakuonea.

Maana ulilalamika kwamba unakuonea. Kila zamu ilipokufikia ulipiga mara tatu, ingawa nilikueleza, na ile karatasi ya muhtasari niliyoiandika kwa mkono ilikuwa mbele yako. Katika mchezo huu kila mtu ana vitendo vitatu kwa zamu. Pigo la pili hupunguziwa 5 na la tatu 10, kwa hiyo kitendo cha tatu hakifai kupigia tena. Kinafaa kuinulia ngao, kusogea, kumsaidia mwenzako au kumtisha adui. Huo ndio moyo wa mfumo wenyewe, kwamba mtu anapewa sababu ya kufanya jambo jingine zaidi ya kukata. Uliposema kwamba kanuni zinakufunga mikono, mdogo wetu alikuwa amekaa upande wako wa kushoto akisoma orodha ya vitendo kwa kidole, mstari kwa mstari, na hukumwona.

Sasa nifike pale ambapo siwezi kupavuka. Lile jitu tulilopigana nalo darajani lilikuwa na kinga ya 18, yaani nambari ambayo pigo sharti liifikie ili liingie. Mdogo wetu, ambaye katika hadithi zako zote alikuwa akisema tu “nawafuata”, alitumia kitendo chake cha mwisho kulitisha, na dadu ikamkubali. Zamu ikaja kwako. Ulirusha dadu ya pande ishirini ikatoka 18, na pamoja na ile 9 yako ikawa 27. Pigo limeingia, nikasema, tuhesabu jeraha. Hapo ndipo mdogo wetu alipoinua mkono kama yuko darasani, akasema tusubiri kidogo, kwa sababu adui mwenye hofu hupungukiwa na kinga kwa moja, na kinga ya jitu sasa ni 17, na 27 imeipita kwa 10 kamili. Katika mfumo huu ukiifikia nambari ya adui pamoja na 10 juu yake, pigo linakuwa maradufu. Alihesabu taratibu, kwa sauti, huku akikutazama wewe.

Kaka, alikuwa anakupa wewe. Ilikuwa hofu aliyoitia yeye, katika pigo lililopigwa na wewe, na ushindi ungeandikwa kwa jina lako. Ukamwambia mbele ya wageni, “Mdogo wangu, hatukuja kufanya hesabu, tumekuja kucheza,” ukaanza kusimulia jinsi upanga ulivyopita begani mwa jitu, kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Niliposema kwamba amesema kweli na kwamba pigo ni maradufu, ulikusanya dadu zako, ambazo ndizo zilizokuwa kamili pale mezani, ukasema hukuja kufundishwa kuhadithia na watoto, ukaondoka.

Wapo wanaonilaumu kwamba nilipaswa kunyamaza, kwamba mwendesha mchezo mwenye busara huacha kanuni ndogo ipite ili watu wabaki pamoja. Hata kitabu chenyewe kinamruhusu mwendesha mchezo kuamua vinginevyo pale kanuni inapomkwamisha. Lakini ile haikuwa kanuni iliyotukwamisha. Ilikuwa imefanya kazi yake barabara, mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kitu kingine cha kushika. Wewe ukikaa mezani una sauti, una maneno, una namna ya kuinama mbele ikawafanya watu wote wanyamaze. Katika mchezo usio na kanuni, anayesema vizuri ndiye anayeshinda, na nyumbani kwetu aliyesema vizuri amekuwa ni wewe siku zote. Nilichagua mfumo mzito kwa sababu hiyo. Moja ndogo ya hofu, ambayo mtu mwingine asingeitilia maanani, inageuza pambano zima, na anayeijua hahitaji ufasaha ili aheshimiwe. Ningeipuuza moja ile, ningekuwa nimemwambia kwamba kusoma kwake kote hakukuwa na maana.

Kwa hiyo ukikusanya kundi lako, kama nilivyosikia unakusudia, nakuomba uanze na pambano moja fupi la ngazi ya kwanza kabla ya safari yoyote, na umwache kila mtu ashike nambari zake mwenyewe hata kama anachelewa. Mkibishana juu ya kanuni, toa uamuzi, mchezo uendelee, kisha mwisho wa mkutano mkaitafute pamoja; kanuni zote zinapatikana bure mtandaoni, kihalali, hakuna mwenye haki ya kusingizia kwamba hana kitabu. Usiwahesabie watu. Mimi sikuwahi kumhesabia mtu asiyeniomba, na kama pambano la darajani lilikuwa refu, lilikuwa refu kwa sababu watu walikuwa wanajifunza. Mkutano uliofuata, baada ya wewe kuondoka, tulipigana tena na zamu zilienda upesi kiasi kwamba sikugusa karatasi ya muhtasari. Ungeyaona hayo kama ungekuwepo.

Ila mdogo wetu sasa huniuliza kwanza kama anaruhusiwa kusema nambari. Hunong’ona. Anajua kanuni za hofu, za kushikwa, za kuanguka chini, anazijua kuliko mimi, na bado hunitazama kabla ya kufungua mdomo. Jambo hilo hukulifanya kwa ubaya, nakujua. Ulitaka tu hadithi isikatike. Lakini umelifanya, na kumpa ruhusa kwangu hakujalitengua, kwa maana ruhusa anayoingoja si yangu.

Mimi sihitaji uniombe radhi, na wala sikuandiki ili urudi mezani, ingawa mpiganaji wako bado yupo darajani na sijampa mtu mwingine. Mpigie simu yeye. Mwambie kwamba 27 toa 17 ni 10, kwamba pigo lilikuwa maradufu na kwamba yeye ndiye aliyeliona. Ukishamwambia hayo, hata ukiendelea kuwaambia watu kwamba niliuua mchezo kwa kitabu, sitakujibu tena.