Paa la Shule Yetu: Wito wa Harambee kwa Wana wa Kaimosi Popote Mlipo

Mirembe kwenu nyote, Marafiki (Waquaker), wazazi, na ninyi mliosomea hapa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mkahamia Nairobi, Eldoret, Mombasa na ng'ambo.

Barua hii tumeiahirisha mara mbili. Kuomba si kazi nyepesi, hasa unapomwomba mtu uleule uliyemwomba mwaka juzi. Lakini mvua haikungoja tupate ujasiri. Usiku wa Jumanne moja mwezi wa nne, upepo uliezua paa la madarasa manne ya shule yetu ya msingi. Asubuhi tuliokota mabati katika shamba la chai la jirani, mengine yamekunjamana kama karatasi ya kufungia nyama.

Tangu siku hiyo watoto 163 wanasomea kanisani. Ukiingia saa nne asubuhi utakuta viti vimepangwa makundi manne, mgongo kwa mgongo. Ubao wa Gredi ya Tatu umeegemezwa kwenye mimbari, nao wanaimba jedwali la saba kwa sauti. Nyuma yao Gredi ya Sita wanajaribu kuandika insha, na mwalimu wao amechoka kushindana na wimbo huo, sasa anapita akiinama kwa kila mtoto kumnong'oneza. Mvua ikianza kupiga mabati, masomo yote manne yanakwisha kwa pamoja. Watoto wanakaa wakitazama mlango. Marafiki wa Uingereza huabudu kwa kimya. Sisi wa huku tunaimba, tena kwa ngoma. Kimya kile cha watoto hakifanani na ibada ya yeyote kati yetu.

Kila Ijumaa jioni vitu vyote hutolewa ili Jumamosi kukiwa na mazishi pawe na nafasi, na Jumapili tuabudu. Jumatatu vinarudishwa. Wanaovibeba ni watoto.

Swali tunaloulizwa na karibu kila tunayempigia simu ni hili: hiyo si shule ya umma? Si serikali itaezeka? Ombi letu tumeliwasilisha mahali panapohusika, na tunaamini zamu yetu itafika. Shida ni kwamba Gredi ya Sita mtoto huisoma mara moja tu. Na kuhusu neno hilo "ya umma", tuvumilieni tuwarudishe nyuma kidogo, maana tumegundua vijana wengi hawajui walikotoka.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu ya Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipanda reli ambayo ilikuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla, wakashuka Kisumu, wakapanda milima kwa miguu kutafuta mahali penye msitu na mto wenye nguvu. Walipapata Kaimosi mwezi wa Agosti. Misheni yao waliiita ya viwanda, na hawakutania: walitaka mtu ajifunze kusoma Biblia na pia kupasua mbao, kufyatua matofali na kuunda mlango unaofunga. Nguvu ya maji ya Mto Goli-Goli iliendesha msumeno. Mwaka uliofuata akaja daktari, Elisha Blackburn. Emory Rees na mkewe Deborah walikwenda Vihiga, na huko ndiko kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiluragooli, lugha ya Wamaragoli, ilikofanyika.

Lakini wazungu hao walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa vingi. Waliosambaza shule ni babu zetu. Mtu alijifunza kusoma Kaimosi, akarudi kwao na kitabu kimoja, akakusanya watu chini ya mti. Yohana Amugune ni mmoja wa waliotangulia. Daudi Lung'aho ni mwingine. Shule yetu ilizaliwa hivyohivyo, mtoto wa Kaimosi kama mamia ya nyingine.

Kina mama nao wana sura yao katika habari hii. Zamani mwanamke wa kwetu hakula kuku. Ulikuwa mwiko mzito, na mengi yalisemwa juu ya yatakayompata. Waongofu wa kwanza wa kike waliuvunja. Wakamla kuku, watu wakangoja waone kama watakufa, hawakufa. Waliothubutu kumla kuku ndio waliothubutu kushika kalamu, na kufikia miaka ya 1920 Kaimosi ilikuwa na bweni la wasichana, wakati ambapo wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza mahari.

Mengine tuyapitie haraka. Mwaka 1946 Marafiki wa Afrika Mashariki walipata Mkutano wao wa Mwaka, yaani uongozi wao wenyewe wa kanisa, wakaacha kuwa tawi la watu wa mbali. Shule ya Kamusinga, mnayoijua kwa matokeo na kwa hoki, ina mizizi Kaimosi. Uhuru ukaja, kisha Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, kanisa likabaki mdhamini. Pale Kaimosi penyewe elimu haikukoma kukua: ualimu, ufundi, chuo cha Biblia. Mwaka 2015 kikazaliwa chuo kikuu kishiriki cha umma chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, na mwaka 2022 kikapewa hati ya kujitegemea. Leo ni Kaimosi Friends University. Mahali palipoanza na msumeno wa maji panatoa digrii.

Tazameni jina hilo. Chuo ni cha umma, mishahara inalipwa na hazina ya taifa, mwanafunzi anaweza kutoka Garissa au Kwale na asiwahi kumsikia Chilson. Lakini neno "Friends" halikufutwa. Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye hakuvuka darasa la nne, hupita pale nje na kusema "shule yetu", na hakuna askari wa lango aliyewahi kumkosoa. Tunataka tuielewe shule hii ya kijijini kwa namna yake. Kuikabidhi kwa umma hakukuwa kuitupa. Umma ni nani, kama si sisi tuliofuliwa sare na mama zetu tukaenda kukaa katika madarasa yale?

Kuta hazina neno. Fundi amezigonga zote, akasema waliofyatua matofali haya hawakuwa na haraka. Ukisogea karibu na dirisha la darasa la mwisho utaona tofali lenye alama za vidole vinne vya mtu aliyelishika kabla halijakauka. Ni vidole vidogo. Yawezekana alikuwa mwanafunzi, maana enzi hizo watoto walibeba maji ya kukandia udongo kabla ya somo la kwanza. Ni aibu kidogo, na tunaisema kwa upole, kwamba waliotujengea kuta hawakuwa na hata baiskeli, nasi wenye magari tunashindwa na paa. Tena wajukuu wa mahali palipoanza kwa kupasua mbao wanaomba mbao!

Hesabu iko hivi. Mabati 120 ya geji 28 kwa shilingi 1,150 moja ni 138,000. Mbao 62,000. Misumari na kofia za mabati 11,500. Saruji mifuko 20, shilingi 15,000, kwa ajili ya kufunga kuta kwa juu ili upepo usirudie mchezo wake. Fundi na vibarua wake 45,000, naye amekubali nusu kwanza. Jumla ni shilingi 271,500. Sadaka mbili maalum na michango ya akina mama imeleta 64,300. Zimebaki 207,200. Mabati tuliyookota yatakayofaa tena hayafiki 30. Hayo tutaezekea choo cha wavulana, hatukuyahesabu hapa.

Kuhusu harambee ya mwaka juzi ya madawati: madawati yalinunuliwa, yako, ndiyo yanayobebwa kila Ijumaa. Ila ahadi za shilingi 38,000 hazijatimizwa hadi leo. Majina tunayo. Hatutayasoma, lakini wenyewe mnajijua, na daftari halijajaa.

Kila shilingi itaandikiwa risiti, mweka hazina atasoma hesabu kanisani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hakuna pesa itakayotolewa bila sahihi tatu. Namba ya kutuma kwa M-Pesa mtaipata kwa mweka hazina mwenyewe au kwa mwalimu mkuu. Ukitumiwa namba na mtu mwingine, hata akijiita binamu wa mchungaji, usitume.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, palepale kanisani ili wageni waone wenyewe viti vilivyogawanywa. Hakutakuwa na mgeni rasmi. Tangu Rais alipotangaza Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wakae mbali na harambee, yule mtu wa bahasha nene na msafara haji tena kwetu, na kusema kweli hotuba zake zilikuwa ndefu. Mgeni rasmi ni wewe na elfu moja yako. Asiye na elfu alete mia mbili. Asiye na mia mbili alete mahindi, ndizi, mayai, tutayauza kwa mnada. Wenye mbao za mkaratusi zilizokauka vizuri watuambie mapema, fundi aje kuzipima.

Kuku wa kwanza wa mnada tayari amepatikana. Ametolewa na mama wa miaka themanini na kitu, ambaye nyanya yake hakuruhusiwa hata kuonja mchuzi wake. Ni jogoo mwekundu, mkali, bei itaanzia shilingi 500, na mwenye kuku ametoa sharti moja: waanze kupiga bei wanawake.