Risala ya Wanafunzi wa Shule ya Sheria kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupokea Vitabu Vipya vya Maktaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wahadhiri, mkutubi wetu mvumilivu, wanafunzi wenzetu:

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kuwa nasi. Historia ya maktaba yetu ni ndefu. Kwa kujali muda wako tuseme tu ilianza na kabati moja na leo ina chumba chake. Mwaka huu tumepiga hatua kubwa mno. Tumepokea vitabu vipya 14, navyo vimejaza rafu nzima, tukivipanga majalada yakitazama mbele.

Mheshimiwa, tatizo ni nakala. Kila kitabu kimekuja kimoja. Kile cha sheria ya jinai ya kimataifa ndicho pekee humu kinachoeleza marekebisho ya Kampala ya 2010, yaliyoweka tafsiri ya uhalifu wa uchokozi (nchi kuishambulia nyingine kwa silaha kinyume cha sheria) katika Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na jinsi mahakama hiyo ilivyoanza kuwa na mamlaka juu ya uhalifu huo Julai 2018. Anayetegemea vitabu vya zamani huandika jibu lililokuwa sahihi yeye akiwa shule ya msingi. Basi foleni ya hicho kimoja huanza mlango haujafunguliwa, na mtu hupewa saa moja tu. Cha sheria ya madhara kimeshapitiwa na wembe: kurasa za Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932, ile kesi ya konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji, hazipo. Konokono kaondoka na chupa yake. Tunalaani kitendo hicho, ingawa shida iliyomtuma mhusika tunaijua.

Hatukumbushii kwa ubaya, Mheshimiwa, lakini mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi nakala 20 za kila kitabu cha lazima kabla muhula haujaisha. Tulipiga makofi. Mkutubi akafuta vumbi rafu ya chini, akabandika karatasi: "Nafasi ya vitabu vinavyokuja." Waliopiga makofi wengi wamekwishahitimu, karatasi bado ipo, imebanduka upande mmoja. Aliyemtangulia yeye alituachia kalenda.

Ombi letu ni nakala 10 za kila kimoja. Tumeshuka kutoka 20 ili ahadi iwe nyepesi kubebeka. Na kwa kuwa katika mfumo wa sheria wa Kiingereza ahadi ya zawadi tupu haidaiwi mahakamani, isipokuwa imewekwa kwenye hati rasmi yenye sahihi na shahidi, hati tumeiandaa. Iko mezani, chini ya shada la maua, pamoja na kalamu. Mashahidi tupo.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maktaba